Kaunti Kwanza, Wadi Baadaye

Mwaka 2025 Burundi iliachana na mikoa yake 18 ikabaki na mitano: Bujumbura, Buhumuza, Burunga, Butanyerera na Gitega. Cankuzo, Muyinga na Ruyigi, ambayo kila mmoja ulikuwa mkoa unaojitegemea, ikamezwa na Buhumuza. Komyuni nazo zikapungua kutoka 119 hadi 42. Kwa mwananchi wa kawaida hayo ni mambo ya mihuri na mabango ya ofisi. Kwa anayetunza tovuti yenye fomu ya kujisajili, maana yake ni kwamba ile orodha ya mikoa inayokunjuka mtu anapoigusa, iliyoandikwa siku moja na kusahaulika, sasa inasema uongo.

Burundi haiko peke yake. Rwanda mwaka 2006 ilitoka mikoa 12 ikawa na minne pamoja na Jiji la Kigali. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilipanda kutoka majimbo 11 hadi 26 mwaka 2015, na Katanga ikakatwa vipande vinne. Tanzania ilipata Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, kisha Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ilizika mikoa yake minane, na serikali za kaunti 47 zikaanza kazi mwaka 2013. Uganda ndiyo usiseme: wilaya zake zimevuka 130. Katika ukanda kama huu, kuyapigilia majina ya mahali ndani ya ukurasa wa wavuti ni kujiandalia kazi ya kurudia.

Njia ya kuikwepa kazi hiyo inajulikana. Ukurasa unafunguka na menyu kunjuzi iliyo tupu, au yenye orodha moja fupi tu, kisha programu ndogo ndani ya kivinjari inaijaza kwa machaguo kutoka kwenye data inayotunzwa mahali pamoja. Data ikibadilika, fomu zote zinazoitegemea zinabadilika. Na machaguo yenyewe yanaweza kufuata anachofanya mtu: akichagua kaunti, menyu ya pili inapata majimbo ya uchaguzi ya kaunti hiyo pekee, akichagua jimbo, ya tatu inapata wadi zake.

Kenya ni mfano mzuri kwa sababu hesabu zake ziko wazi: kaunti 47, majimbo ya uchaguzi 290, wadi 1,450. Hakuna mwenye akili timamu atakayempa mtu mwenye simu ya skrini ndogo orodha moja ya wadi 1,450 na kumwambia ashuke nayo mpaka aifikie yake. Kwa ngazi tatu mambo yanalegea. Mombasa ina majimbo sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Ukigusa Mvita unabaki na wadi tano. Lamu ina majimbo mawili tu, na Nairobi, yenye mengi kuliko kaunti zote, ina 17.

Menyu hizi ni za zamani karibu sawa na wavuti wenyewe. Vipengele vya select na option vilikuwamo katika HTML 2.0, waraka uliotolewa Novemba 1995 ukiwa na majina ya Tim Berners-Lee na Daniel Connolly. Lakini orodha ya enzi hizo ilikuwa kama ilivyotoka kwenye seva. Kuibadilisha kulihitaji ukurasa mzima upakiwe upya. Mwaka huohuo Brendan Eich wa Netscape alitengeneza lugha tunayoiita leo JavaScript, na toleo la tatu la Netscape Navigator, la mwaka 1996, likawapa watengenezaji uwezo wa kuunda chaguo jipya kwa amri ya new Option na kulichomeka kwenye orodha papo hapo.

Ikafuata miaka ya ugomvi kati ya vivinjari. Internet Explorer ilikuwa na njia zake. Amri ya add, inayoongeza chaguo, ilidai kwa kivinjari kimoja kitu ambacho kingine kilikikataa: kanuni zilitaka uitajie chaguo ambalo hili jipya litatangulia, na Internet Explorer ikataka namba ya nafasi. Watu wakaandika msimbo unaojaribu njia ya kwanza, ukianguka unajaribu ya pili. Isitoshe, aliyejaribu kuijaza select kwa kubandika maandishi ya HTML moja kwa moja, Internet Explorer ilimharibia orodha, na kasoro hiyo iliishi mpaka toleo la 10. Kanuni za sasa zinakubali namba na chaguo vilevile, na ugomvi ule umebaki simulizi. Ila misimbo ya enzi hizo bado inanakiliwa na vijana ambao hawajawahi kuiona Internet Explorer, na ndiyo maana inafaa kutajwa.

Kuongeza chaguo lenyewe ni mistari miwili. Amri ya new Option inapewa vitu viwili: maandishi yatakayoonekana, tuseme Jomvu, na thamani itakayotumwa kwa seva, tuseme 002, namba ya jimbo hilo kwenye orodha ya tume ya uchaguzi. Kisha chaguo linaongezwa kwenye select. Basi.

Wengi huruka kile kitu cha pili. Chaguo lisipopewa thamani yake, kivinjari hutuma maandishi yanayoonekana, na fomu hufanya kazi vizuri kwa muda. Halafu wanafika watu wa wadi iitwayo Township. Ipo Township katika Garissa, ipo nyingine Wajir Mashariki, ipo nyingine Mandera Mashariki. Hifadhidata iliyotunza jina tupu haiwezi kujua ni ipi. Namba ndiyo kitambulisho; jina ni la kusomwa na binadamu, na laweza kusahihishwa kesho bila kuvuruga kumbukumbu za jana. Namba pia ndiyo inayookoa pale mipaka inapobadilika: mtu aliyezaliwa Muyinga wakati Muyinga ni mkoa anabaki na kumbukumbu yake sahihi, na fomu ya mahali pa kuzaliwa inaendelea kuuonyesha mkoa huo hata kama fomu ya anwani ya leo haiuonyeshi tena.

Kufuta ndiko kunakoumbua watu zaidi kuliko kuongeza. Mtu amechagua Mombasa, menyu ya majimbo ikajazwa. Sasa amebadili mawazo, anataka Lamu. Lazima ya Mombasa yatoke kwanza. Msimbo wa mgeni katika fani huanza nafasi ya sifuri, ukafuta, ukaenda ya kwanza, ukafuta, ukaenda ya pili. Tatizo ni kwamba orodha ile ni hai: Changamwe ikitoka, Jomvu inasogea nafasi ya sifuri, na msimbo uko tayari kwenye nafasi ya kwanza, ambayo sasa ni Kisauni. Kisauni ikitoka, Nyali inasogea na kuponea. Halafu Likoni inatoka, na mzunguko unaishia hapo kwa kuwa orodha imekuwa fupi. Mtu wa Lamu anafungua menyu na kukuta Jomvu, Nyali, Mvita, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi. Dawa ni kufuta kuanzia mwisho kuja mwanzo, au kuachana na mzunguko kabisa na kuuambia urefu wa orodha uwe sifuri. Vivinjari vya sasa vina pia replaceChildren, inayotoa ya zamani na kuweka mapya kwa pigo moja.

Kuna mtego mwingine ambao mwandishi wa vitabu vya programu huko Marekani anaweza asikutane nao kwa urahisi, lakini huku kwetu uko mlangoni: ng'. Watu wengi hutengeneza machaguo kwa kuunganisha vipande vya maandishi, jina likiwekwa katikati ya alama mbili za mkato wa juu. Kaunti ya kwanza, ya pili, ya kumi, zote zinapita. Inafika Murang'a. Kivinjari kinasoma thamani, kinakutana na ule mkato ndani ya jina, kinadhani thamani imekwisha, na seva inapelekewa Murang. Mkosi uleule unaisubiri Lang'ata ya Nairobi, Ziwa la Ng'ombe kule Nyali, na Nyang'hwale mkoani Geita. Anayetumia new Option hana shida hii, kwa kuwa jina analipeleka kama maandishi matupu na kivinjari hakijaribu kulisoma kama HTML.

Hilo ni suala la usalama pia. Jina lililoingizwa na mtumiaji mwingine likibandikwa ndani ya ukurasa kama HTML, mwenye nia mbaya anaweza kuficha humo msimbo utakaoendeshwa kwenye vivinjari vya wengine. Anayeweka maandishi kama maandishi ameufunga mlango huo bila hata kuufikiria.

Na ng' haijaisha. Alama hiyo ina sura mbili kwenye kompyuta: ule mkato ulionyooka wa kibodi, na ule uliopinda ambao Microsoft Word na baadhi ya simu huuweka zenyewe. Kwa macho ya msomaji, Murang'a ni Murang'a. Kwa programu inayolinganisha herufi moja moja, hayo ni majina mawili. Orodha iliyonakiliwa kutoka kwenye waraka wa Word na data iliyochapwa kwa mkono hazitakutana kamwe mpaka mtu azisawazishe.

Tabia moja ya menyu kunjuzi huharibu takwimu kimyakimya. Kanuni za HTML zinaitaka menyu ya chaguo moja, ile inayoonyesha mstari mmoja, isikae bila kitu: isipoambiwa, kivinjari kinachukua chaguo la kwanza ambalo halijazimwa. Kwa hiyo mara majimbo ya Mombasa yanapoingia, Changamwe imekwisha kuchaguliwa kabla mtu hajagusa chochote. Mwenye haraka anapita. Mwisho wa mwezi ripoti inaonyesha kwamba watu wa Changamwe wanaipenda sana huduma hiyo, na mkurugenzi anafikiria kufungua tawi. Kinga yake ni chaguo la kwanza linalosema "Chagua jimbo", lenye thamani tupu, pamoja na sifa ya required kwenye select. Hapo fomu inakataa kwenda mpaka mtu achague mwenyewe.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba kivinjari hakitangazi tukio la change pale msimbo unapobadilisha chaguo. Hutangaza binadamu anapobadilisha tu. Menyu ya wadi inayosubiri tukio hilo itabaki na wadi za jimbo la zamani huku jimbo lenyewe limekwisha kubadilika juu yake. Mtengenezaji lazima aiite mwenyewe kazi ya kujaza wadi.

Tabia hiyo hujitokeza hasa kwenye fomu ya kuhariri. Mtu alijisajili mwaka jana, leo anarudi kubadili namba ya simu. Msimbo unachukua kumbukumbu zake na kuiambia menyu ya wadi iwe na thamani fulani. Lakini wadi bado ziko njiani kutoka kwenye seva. Select ikipewa thamani isiyokuwamo hailalamiki: inabaki bila chaguo lolote, thamani yake inakuwa tupu, na hakuna onyo hata moja kwenye skrini. Sekunde moja baadaye wadi zinaingia, na hakuna anayekumbuka kuichagua ile ya mwaka jana. Anayebonyeza kuhifadhi amefuta anwani yake bila kujua. Utaratibu sahihi ni kusubiri machaguo yafike, ndipo yaliyohifadhiwa yachaguliwe, kuanzia kaunti kushuka chini.

Suala la kusubiri linatufikisha kwenye mtandao. Uwezo wa ukurasa kuomba data bila kujipakia upya ulianzia Microsoft, katika Internet Explorer 5 ya mwaka 1999. Jina la mbinu hiyo, Ajax, lilibuniwa na Jesse James Garrett mwaka 2005. Leo wengi wanatumia amri ya fetch. Ukiwa ofisini penye waya mzuri, jibu linarudi kabla hujapepesa macho. Abiria ndani ya matatu anayaona mengine. Amegusa Nairobi kwa bahati mbaya, mara moja akarekebisha, akagusa Mombasa. Maombi mawili yametoka. Hakuna sheria inayosema la kwanza litajibiwa kwanza. Jibu la Mombasa linafika, menyu inajazwa. Kisha jibu la Nairobi lililochelewa linaingia na kuifuta. Juu pameandikwa Mombasa, chini pana Westlands, Kibra na Lang'ata.

Tiba zipo mbili. Ya kwanza ni kulighairi ombi la zamani kwa AbortController kila linapotumwa jipya. Ya pili, rahisi zaidi, ni kuuliza swali moja jibu linapofika: je, kaunti iliyoko kwenye menyu sasa hivi bado ni ile niliyoiombea? Kama siyo, jibu linatupwa.

Hata hivyo, kwa orodha ya ukubwa huu ombi lenyewe halihitajiki. Majina 1,450 kwa makadirio ya herufi 20 kila moja ni kama kilobaiti 29, tena kabla ya kubanwa. Picha moja ya kawaida kwenye ukurasa wa mbele inazidi hapo. Ukurasa ukizipakia wadi zote mara moja, mtu hasubiri tena, mtandao ukikatika menyu zinaendelea kujazwa, na majibu hayawezi kupishana njiani. Kwenda kwenye seva kila mara kunafaa pale orodha ina makumi ya maelfu, kama bidhaa za ghala au dawa za hospitali, au pale inapobadilika saa kwa saa. Mazoea ya kuuliza seva kwa kila mguso yamekuwa fasheni kuliko hitaji.

Mtumiaji asiyeona husahaulika katika mipango hii yote. Anayeona anaitambua menyu ya pili ikijaa. Kisoma skrini hakisemi neno mpaka afike pale. Sehemu ndogo ya ukurasa yenye sifa ya aria-live inaweza kutangaza "Majimbo sita yamepatikana" na kumwacha aendelee. Kuna pia kanuni ya 3.2.2 ya WCAG, miongozo ya ufikivu wa wavuti: kubadilisha kitu kwenye fomu kusimhamishe mtu bila kumwonya. Kujaza menyu inayofuata hakuvunji kanuni hiyo. Kumrusha mtu kwenye ukurasa mwingine kwa sababu tu amechagua kaunti kunaivunja, na anayetembea kwenye orodha kwa vitufe vya mishale ndiye anayeumia.

Wapo wanaoona menyu kunjuzi hazifai hata kidogo. Alice Bartlett, aliyefanya kazi kwenye huduma za kidijitali za serikali ya Uingereza, alitoa mwaka 2014 mhadhara uliowataka watu wazichome moto, na mwongozo wa usanifu wa GOV.UK mpaka leo unaiweka select kuwa kimbilio la mwisho. Kwa majimbo mawili ya Lamu hoja yao ina uzito: vitufe viwili vya kuchagua vinaonekana vyote bila kugusa chochote. Kwa majimbo 17 ya Nairobi menyu bado inastahili nafasi yake.

Pendekezo la kisanduku cha kutafutia lenye datalist nalo lina kasoro: mtu anaweza kuandika chochote, hata kisichokuwamo, na kinachotumwa ni alichoandika. Township zinarudi palepale.

Halafu kuna fomu zinazomruhusu mtumiaji aongeze chaguo lake. Orodha ya miji ina "Nyingine" mwishoni. Ukiigusa kisanduku kinatokea, unaandika, na ulichoandika kinaingia kwenye menyu. Ni ukarimu mzuri mpaka utakapoona Dar es Salaam, Dar es salaam, Dar-es-Salaam na DSM zimejipanga kama miji minne. Kabla ya kuongeza, msimbo uondoe nafasi za pembeni, ulinganishe bila kujali herufi kubwa na ndogo, na ukikuta jina lipo uchague lililopo. Kupanga upya kunahitaji amri ya localeCompare, kwa sababu mpangilio wa kawaida wa JavaScript huweka herufi kubwa zote mbele, na Zanzibar hutangulia arusha iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Na jina jipya lisionekane kwa watumiaji wengine kabla mtu wa ofisini hajalipitia.

Kwa upande wa sura, tangu Chrome 135 ya Aprili 2025 inawezekana kuipamba select kwa CSS, kuweka picha na rangi ndani ya machaguo. Kivinjari kisichojua jambo hilo kinaonyesha menyu ya kawaida. Maktaba nyingi zilizoundwa ili kuipa menyu sura nzuri zitapungukiwa na kazi. New Option ya mwaka 1996 haijaguswa.

Na kwa kuwa ni rahisi hivyo kuongeza chaguo, mgeni yeyote wa tovuti anaweza pia. Abonyeze F12, afungue vifaa vya mtengenezaji, aichomeke kaunti namba 048 chini ya Nairobi, aichague na kuituma. Kivinjari chake hakitamzuia, kwa sababu ukurasa ulioko kwenye kompyuta yake ni wake. Seva ndiyo inayopaswa kuangalia upya kila kilichofika: kwamba kaunti hiyo ipo, kwamba jimbo ni la kaunti hiyo, kwamba wadi ni ya jimbo hilo, na kuirudisha fomu ikiwa na ujumbe kando ya menyu husika pale jambo lolote kati ya hayo linapokosekana.